Arjuna hakusema "nitalifanyia kazi"

Dada mmoja wa Mwanza kaniandikia, barua yake naifupisha hapa: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mhindu, nimezaliwa hapa hapa, na kila Jumapili tunakutana watu saba nane tunasoma Bhagavad Gita, kitabu chetu kitakatifu, kwa Kiswahili kwa ajili ya vijana wetu, maana Kigujarati kimewapita pembeni. Nimepewa kazi ya kuandika tangazo nikaandika: Njoo tujifunze Gita na kuyafanyia kazi mafundisho yake. Mwenzangu anataka niandike 'kuyaishi mafundisho yake'. Ipi sahihi? Na je, tunasoma Gita, tunajifunza au tunadurusu?"

Marahaba dada yangu. Nianze na lile jepesi nilimalize. Kusoma inatosha. Kwa Kiswahili kusoma siyo kupitisha macho kwenye karatasi tu, watu wanasoma dua, wanasoma maulidi, wanasoma hitima, mtoto anasoma darasa la tano, kwa hiyo mkikaa mmoja wenu akautamka ubeti kwa sauti na wengine wakasikiliza halafu mkaulizana maana yake, hapo mnasoma Gita na hakuna kilichopungua. Kujifunza nayo sawa ila inakaa vizuri zaidi kwa kile unachokitoa ndani ya kitabu, kujifunza subira, kujifunza kutotamani. Kudurusu imetoka Kiarabu, ndugu yake darasa, na inamfaa yule anayerudia alichokwisha kukisoma. Na kwa kuwa jina lenyewe Gita maana yake ni wimbo, Bhagavad Gita ni wimbo wa Mola, nawaomba mkitafsiri zile shloka mziite beti. Sura 18, beti 700, ndani ya utenzi mkubwa wa Mahabharata. Sisi tuliokulia kwenye tenzi tunajua ubeti ni nini, msituletee "mistari".

Sasa "kuyafanyia kazi". Hapo dada yangu umenitonesha kidonda, na sikulaumu wewe maana neno hili limeingia kila mahali, kwenye mahubiri, kwenye semina, kwenye vikao vya harusi, mpaka mtu anaona asipolisema hajasema kitu.

Tulitazame kwanza kama sarufi. Kufanya, kufanyia. Hiyo i ya katikati inamleta mtu ambaye jambo linafanyika kwa ajili yake. Namfanyia mama kazi, maana yake mama ndo mwenye kazi, mimi natumwa. Anamfanyia kazi tajiri mmoja wa mjini, maana yake kaajiriwa. Sasa ukisema unayafanyia kazi mafundisho, je mafundisho yamekuajiri? Yanakulipa mwisho wa mwezi? Najua utaniambia mwalimu lugha inakua, maana zinapanuka, nakubali, kuna maneno mengi yamepanuka nikakaa kimya. Hili silinyamazii kwa sababu maana liliyopanukia ni mbaya. Limekuwa neno la kuahidi bila kuahidi kitu.

Mtaani kwetu kuna mtaro. Uliziba mwanzoni mwa masika, mifuko na maganda ya miwa na tope, maji yakawa yanatoka juu yanaingia uani kwa watu. Tukaenda ofisini, tukaambiwa suala lenu tumelipokea, tunalifanyia kazi. Tukarudi baada ya wiki mbili. Linafanyiwa kazi. Nikauliza kwa adabu kabisa, ndugu yangu, hiyo kazi inayofanyiwa ni ipi, ni kuchimba, ni kununua mabomba, ni kuandika barua, nani anaifanya na lini? Jibu lake: "Mzee, tumesema linafanyiwa kazi." Hasira zilinipanda mpaka kichwa kikauma, maana niliona neno zima la kazi, neno la baba zetu waliokuwa wanaamka alfajiri na jembe begani, limegeuzwa kuwa pazia la kumfichia mtu asiyefanya chochote. Na aliyenijibu cheo chake ni mtendaji! Mtaro ulizibuliwa Jumamosi moja na vijana sita wa mtaani, wawili wana koleo, mmoja kashika jembe, wengine mikono mitupu, na katika muda wote ule sikusikia kijana hata mmoja akisema analifanyia kazi. Nilisikia "shika huku", "vuta", "mwaga pale", "bado kidogo". Saa tano maji yakaanza kwenda.

Ndo maana neno hili likisogea karibu na Gita nashtuka zaidi kuliko likiwa kwenye hotuba, maana Gita ni kitabu ambacho ubishi wake wote ni juu ya kutenda. Vijana wenu mtawasimulia hivi: majeshi mawili yamejipanga kwenye uwanja wa vita wa Kurukshetra, Arjuna, shujaa wa upinde, anamwambia Krishna, ambaye ni Mungu katika umbo la mtu na ndo mwendesha gari lake la farasi, amsogeze katikati awatazame anaokwenda kupigana nao. Anatazama, anaona babu zake, walimu wake, binamu zake. Mdomo unamkauka, mwili unatetemeka, ngozi inamuwaka, upinde wake Gandiva unamponyoka mkononi, anakaa chini kwenye gari na kusema sipigani. Kuanzia hapo Krishna anafundisha sura baada ya sura, na kwenye sura ya 18 akishamaliza anamwambia lifikiri lote hili mpaka mwisho, kisha tenda upendavyo. Neno la Kisanskriti alilotumia ni kuru, tenda. Na Arjuna kauli yake ya mwisho katika kitabu kizima, ubeti wa 73 wa sura hiyo hiyo, ni karishye vachanam tava, nitatenda neno lako. Kuru, karishye, na lile karma ambalo vijana wanalitumia siku hizi kumaanisha laana ya mtu aliyekukosea, yote matatu yanatoka mzizi mmoja wa kutenda. Karma ni tendo. Hakuna pa kujificha hapo. Arjuna hakusema nimepokea maelekezo yako nayafanyia kazi, angesema hivyo upinde ungebaki chini mpaka leo.

Halafu kuna ule ubeti unaotajwa kuliko yote, wa 47 wa sura ya pili, kwamba haki yako iko kwenye tendo, haiko kamwe kwenye matunda yake. Neno lililotumika pale ni phala, tunda, na mimi hili lilinifurahisha sana siku nilipoelewa kwa sababu Kiswahili nacho kinasema matunda ya jasho, matunda ya kazi, hatuhitaji kuazima chochote ili tuutafsiri, maneno tunayo mezani. Ila mfasiri aweke "tenda" na "tunda" karibu karibu ubeti usikike vizuri sikioni, siyo "wajibika katika majukumu yako bila kutarajia matokeo", hiyo ni lugha ya ripoti ya mwaka.

Huo ubeti mimi niliujua kabla sijaujua. Nikiwa kijana Tanga nilikuwa natumwa kununua kitambaa cha sare kwa mzee mmoja Mhindu, na ukifika mapema unamkuta hajakunjua hata jora moja, kawasha udi wa vijiti, mbele yake kitabu kidogo kimechakaa kimefungwa uzi, anasoma kwa sauti ya chini mistari miwili hivi, anakifunga, anakigusisha kwenye paji la uso, ndo anakuuliza wataka nini. Siku moja mvua imenyesha tangu usiku, barabara tupu, nikamwambia leo babu hutauza. Akanijibu, "Kazi yangu kufungua duka. Kuuza siyo kwangu." Akachukua ile fimbo yake ya wari akanipimia khaki yangu wari mbili, na kama kawaida yake mkasi akaupitisha vidole viwili mbele ya alama. Nilidhani mzee kachoka tu na biashara. Miaka mingi baadaye nasoma sura ya pili nikamkuta humo, na zile inchi zake za ziada nazo nikazikumbuka. Kama ungemuuliza yule babu anafanya nini na kile kitabu asingekwambia anakifanyia kazi. Anakisoma, halafu anafungua duka.

Na mfano mwingine ambao utawafaa vijana, Gandhi. Alipokuwa wakili Johannesburg alikuwa akibandika beti za Gita ukutani, anazihifadhi huku anapiga mswaki, dakika 15 za mswaki kila asubuhi, akafika nazo mpaka sura ya 13, haya kayaandika mwenyewe katika kitabu cha maisha yake. Anasema pia Gita ilikuwa kwake kamusi ya mwenendo, kama vile mtu anavyofungua kamusi ya Kiingereza kutafuta neno asilolijua. Neno lililomkaba ni aparigraha, kutojilimbikizia mali, na alipolielewa alifanya nini? Alikuwa na bima ya maisha aliyokata Bombay, akaandika barua iachwe ife. Wengine mtasema alikosea, mtu ana mke na watoto, sawa, bishaneni Jumapili, ila mnaona mwenyewe kwamba pale kuna kitenzi chenye mikono na miguu, kaandika, kaacha.

Sasa "kuyaishi" ya mwenzako. Hii nayo siipendi, kuishi haichukui kitu mbele yake, inachukua mahali au muda, naishi Mwanza, kaishi miaka tisini. "Kuliishi neno" limetufikia kwa njia ya wahubiri na wafasiri, nalo limeshaota mizizi, makanisani utalisikia kila wiki, na wanaolisema wengi wao wanakusudia kitu cha kweli kabisa, kwamba mafundisho yasibaki mdomoni. Kwa hiyo nalivumilia. Nikilikuta kwenye tangazo lenu sitakwenda kulichana. Lakini ukinipa kalamu silichagui, maana Kiswahili kina kuyafuata mafundisho, kina kuyashika, kina kuyatenda, na wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanaijua tangu utotoni ile ya Yakobo, iweni watendaji wa neno. Wazee wa pwani nao wana elimu na amali, yaani matendo, wanamsifu mtu kwa kusema ana elimu na ana amali yake. Lugha yenye maneno haya yote haina sababu ya kwenda kuomba ofisini.

Kwa hiyo andika hivi: "Njoo tusome Gita, tuyatende inayotufundisha." Ukiona kutenda ni kuzito kwa vijana weka "tuyafuate mafundisho yake", hakuna atakayekukosoa. Na tangazo ulilonitumia, dada yangu, halina saa wala halisemi ni nyumba gani. Viongeze hivyo kabla hujalibandika.