Mtoto hali pipi, mbona meno ya mbele yanaoza? Anza kutazama usiku wake

Dada, umeuliza kwa nini mwanao wa miaka 3 ana meno manne ya juu mbele yaliyogeuka kahawia na kumong'onyoka, ilhali hali pipi na anapigwa mswaki kila asubuhi, na kama kuna haja ya kuhangaikia meno yatakayong'oka yenyewe. Haja ipo, tena kubwa. Umesema pia kwamba ya chini mbele ni mazima na kwamba bado analala na chupa. Hapo umeshajijibu nusu.

Mtoto anyonyaye chupa amelala, maziwa hutuama kwenye meno ya juu. Ya chini hufunikwa na ulimi, na tezi za mate ziko hapo hapo chini yake zikiyaosha. Akishasinzia, mate hupungua sana, na mate ndiyo yanayozimua asidi mdomoni. Kwa hiyo maziwa yenye kijiko cha sukari, uji mwepesi, juisi au maji ya glukosi vikikaa kwenye chupa ya usiku vinafanya kazi hadi alfajiri. Ziwa la mama usilikatize kwa sababu ya meno. Ila mtoto aliyepita mwaka mmoja asinyonye usiku kucha juu ya meno yenye mabaki ya chakula; yasafishwe kwanza. Chupa iachwe karibu na kutimiza mwaka. Kwa aliyeizoea, kila usiku punguza maziwa kidogo na ongeza maji, mpaka baada ya wiki moja au mbili ibaki chupa ya maji matupu. Atalia siku mbili tatu. Vumilia.

La pili ni idadi ya mara, na hapa ndipo wazazi wengi wanajidanganya bila kujua. Bakteria walio kwenye ukoga hugeuza sukari kuwa asidi ndani ya dakika chache, na mate huhitaji kama nusu saa hadi saa nzima kurudisha hali. Juisi iliyonywewa mara moja pamoja na chakula cha mchana ni shambulio moja. Juisi hiyo hiyo ikifyonzwa kidogo kidogo kuanzia saa nane hadi saa kumi, meno hayapati nafasi ya kupumua. Hesabu siku ya mwanao: chai ya sukari asubuhi, biskuti saa nne, juisi ya boksi mchana, andazi na chai saa kumi, uji wa sukari kabla ya kulala. Hakuna pipi hata moja, lakini ni mashambulio matano. Ubuyu wa rangi ni mbaya zaidi kwa sababu unamung'unywa muda mrefu na una uchachu wake. Vitamu vipelekwe kwenye mlo, katikati apewe maji, embe, karanga zilizosagwa, yai. Meno ya utotoni yana tabaka jembamba la nje, ndiyo maana tundu hufika kwenye mshipa haraka.

Dawa za maji zenye sukari nazo huleta shida, hasa kwa watoto wanaozitumia kila siku, kama wenye selimundu au kifafa. Uliza kama ipo isiyo na sukari, na kamwe isiwe kitu cha mwisho kuingia mdomoni usiku.

Naomba nilisisitize hili: akiwa na homa au kuhara, msimpeleke kung'olewa "meno ya plastiki". Kile kivimbe cheupe kwenye fizi ni chonge linalokua. Kukichokonoa kunaua jino, kunaweza kuharibu la kudumu lililo chini yake, na jino likiota na tabaka dhaifu huoza upesi. Kuna watoto wamekufa kwa damu na maambukizi.

Kuhusu mswaki, wa usiku ndio muhimu kuliko wa asubuhi, na wewe umeuacha. Soma boksi la dawa: iwe na floraidi, madini yanayoimarisha meno, kiasi cha ppm (sehemu kwa milioni) 1,000 au zaidi, maana baadhi ya dawa za watoto hazifiki hapo au hazina kabisa. Chini ya miaka 3 weka kiasi cha punje ya mchele. Miaka 3 hadi 6, punje ya njegere. Ateme, asisukutue. Mlaze kichwa mapajani pako, inua mdomo wa juu kwa kidole, sugua mpaka kwenye fizi. Mtu mzima apige mswaki huo hadi mtoto afike miaka 7 au 8. Mswaki wa mti unasafisha, ila hauna floraidi ya dawa.

Walio Arusha, Manyara na kwingineko kwenye maji yenye floraidi nyingi wasichanganye mambo: madoa ya kahawia ambayo jino limeota nayo, pande zote mbili sawasawa, si kuoza. Kuoza huanza na mstari mweupe kama chaki kando ya fizi. Mstari huo bado unaweza kusimamishwa kwa floraidi na kubadili ratiba. Ya mwanao yameshavuka hapo, mpeleke kliniki ya meno wiki hii. Wanaweza kuziba, au kupaka dawa ya fedha na floraidi inayosimamisha kuoza. Jino litabaki jeusi, usishtuke. Uso ukivimba au akipata homa, usisubiri kesho. Na usiweke aspirini juu ya fizi, inaunguza.

Akifika miaka 6, chungulia nyuma ya magego ya mwisho, juu na chini. Huota manne pale bila jino lolote kung'oka, kwa hiyo watu hudhani ni ya utotoni. Hayo ni ya kudumu, yana mifereji yenye kina juu yake, na kliniki inaweza kuiziba kabla hayajatoboka.