Usimshike Kidevu: kwa mwalimu mpya wa kitengo

Mwenzangu uliyepangiwa kitengo cha elimu maalumu mwaka huu, nianze na kosa langu. Mwaka wangu wa pili kazini nililetewa mvulana wa miaka tisa, nitamwita Seif. Kila nikimsemesha anageukia ukutani. Siku moja nikaona dharau imezidi, nikamshika kidevu: "Nitazame ninaposema na wewe!" Akajing'ata mkono, chini ya kidole gumba. Ndipo nikaona pale pana sugu, ngozi ngumu kama ya kisigino. Alikuwa akijing'ata hapohapo miaka yote, na sisi watu wazima tukimwita mkorofi.

Daktari mmoja alishughulika hadi sampuli ya damu ikapelekwa nje ya nchi. Majibu yalisema X tete, hali ya kurithi. Kwenye karatasi za hospitali utaikuta imeandikwa Fragile X. Kwenye kromosomu X kuna jeni iitwayo FMR1, na mwanzoni mwake herufi tatu za DNA, CGG, zinajirudia. Wengi wetu zinajirudia chini ya mara 45. Zikipita 200, kwa kawaida jeni hufungwa na protini yake haitengenezwi. Protini hiyo ni kama breki kwenye maungio ya seli za ubongo. Breki ikikosekana, mtoto anashindwa kuzoea yale ambayo mimi na wewe tunayazoea kwa dakika mbili: kengele, kelele za mapumziko, macho ya mwalimu.

Kwa hiyo kaa ubavuni pake, benchi moja, nyote mkitazama daftari. Maelekezo mengine hata usimpe yeye. Mwambie jirani yake, "Neema, leo tunaanza na kupaka rangi," halafu uone Seif anavyochukua penseli. Swali la ana kwa ana linamfunga mdomo, lakini sentensi uliyoiacha njiani hawezi kuivumilia. Sema "Asubuhi tunakunywa..." na "chai" itatoka kabla hujapumua.

Kusoma kulinipa somo kubwa zaidi. Nilimpitisha kwenye ba be bi bo bu miezi minne, tukaishia machozi, yake na yangu. Watoto hawa hukwama pale mambo yanapofuatana hatua kwa hatua, au pale wanapotakiwa kushika jambo moja kichwani huku wakifanya jingine. Kitu kizima, hasa wakipendacho, wanakinasa na hakitoki. Seif alikuwa akiigiza makonda wa daladala, sauti ileile, kiganja kikigonga meza kama bodi la gari: "Mbagala, Mbagala, Kariakoo!" Nikaandika Mbagala, Kariakoo, Posta na Temeke kwenye vipande vya boksi. Baada ya wiki mbili alikuwa anavisoma vyote, hata nikivichanganya. Silabi tulizichomoa humo baadaye. (Mwalimu mkuu alidhani tunacheza. Tulikuwa tunacheza kweli.)

Hesabu, hapo sina ujanja mkubwa wa kukupa. Alihesabu hadi 20 kama wimbo, lakini ukimwomba vizibo vinne anakukabidhi vyote. Sarafu za kweli na duka la kuigiza vilitusogeza kidogo.

Akipunga mikono na kurudia sentensi ileile utasema ni usonji. Huenda upo pia, maana kwa wavulana hawa hali hizi mbili hukutana mara nyingi. Ila Seif alipenda watu. Kila asubuhi alinijia na "Shikamoo mwalimu", mkono mbele, uso na mwili wote vimegeukia pembeni.

Na ukiona alama za kipimo cha akili zinashuka mwaka hadi mwaka, usimwambie mzazi kwamba mtoto anasahau. Kwa kawaida hajapoteza kitu. Anapanda polepole, na kipimo kinamlinganisha na wenzake wanaokimbia.

Mzazi ukimpata, msikilize habari za ukoo. Mama Seif alikuwa ameshaambiwa na wakweze kila aina ya maneno. Kwao, baba yake alianza kutetemeka mikono na kuyumba akitembea alipopita miaka 60, na mdogo wake Mama Seif wa kike alikoma hedhi akiwa na miaka 33. Mimi nilizipokea kama habari za kawaida za nyumbani. Kumbe mtu mwenye marudio ya CGG kati ya 55 na 200 anaweza kupata haya, kutetemeka uzeeni au kukoma hedhi mapema, na akili yake ikawa timamu kabisa. Baba wa namna hiyo huwapa binti zake wote jeni hiyo. Ikipitia kwa binti kwenda kwa mjukuu, ndipo marudio yanapoweza kuruka juu ya 200.

Wasichana wana X mbili, hivyo wengi huguswa kidogo: haya nyingi, wasiwasi, hesabu ngumu. Seif alikuwa na dada darasa la sita, shuleni hapohapo. Insha zake nzuri, hesabu sifuri, darasani hanyanyui mkono. Miaka miwili nilipita mlangoni kwao kila siku, na hakuna aliyewahi kumleta kitengoni, kwa sababu hakumsumbua mtu.