Wingu la vipande navumilia, utando hapana

Swali la wiki hii: umeshatoa darubini nje, unatafuta galaksi na nebula (mawingu ya gesi na vumbi kati ya nyota), mara mawingu yanaingia. Unafunga au unabaki?

Mimi hubaki, ila kwanza natazama ni wingu la aina gani.

Naishi Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, upande wa kusini, Ghuba ya Speke iko mbele yetu. Tuko watatu: mimi, shemeji yangu na mwalimu mwenzangu, na darubini moja yenye kioo cha inchi 8, iliyokaa kwenye kitako cha mbao. Hutoka siku za giza, zile zile wanazoingia ziwani wavuvi wa dagaa, maana mbalamwezi inawaharibia wao kama inavyotuharibia sisi. Taa zao zinatusumbua macho kidogo. Hatujawahi kulalamika, wao wako kazini, sisi tuko kwenye starehe.

Aliyezoea mjini hudhani wingu la usiku ni jeupe. Kweli, yale yaliyo juu ya Mwanza tunayaona yamepauka kwa taa za jiji. Lakini yaliyo juu ya vichwa vyetu ni meusi kuliko anga lenyewe, na unayajua kwa nyota zinazopotea moja moja.

Mwishoni mwa Mei mwaka jana yalikuja hivyo, vipande vipande, yakienda mbio. Darubini za kompyuta huanza kwa kuomba nyota mbili za kujipangia, na usiku kama ule huzipati zote kwa pamoja. Yetu inasukumwa kwa mkono. Tuliielekeza kwenye Omega Centauri, fungunyota (nyota nyingi zilizosongamana pamoja), ambayo kwenye saa nne usiku ilikuwa juu kabisa upande wa kusini, tukawa tunaisogeza kidogo kidogo kulifuata anga, jicho kwenye lenzi, tukisubiri tundu kati ya mawingu. Ukianza kutafuta baada ya tundu kufunguka umeshachelewa.

Likafunguka kama dakika mbili. Nyota zipatazo milioni 10, umbali wa miakanuru 17,000 hivi (mwakanuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka), na mimi nikaona dagaa wa kuanikwa: katikati wamerundikana hadi huwezi kuwatenganisha, pembeni mmoja mmoja. Shemeji akanivuta shati, zamu yake.

Tundu lililofuata tulisukuma darubini kaskazini, nyuzi nne na nusu, hadi Centaurus A. Hiyo ni galaksi, miakanuru milioni 12 au zaidi, ina mkanda wa vumbi uliokatiza katikati. Shemeji aliuona mkanda. Mimi nilipoinama, wingu lilikuwa limefika. Mpaka leo ananikumbusha.

Sasa utando. Ule mwembamba, wa juu sana, ambao nyota zinapenya na wewe unaamini anga ni safi. Niliwahi kumaliza saa mbili nzima nikilaumu kioo kuwa kina vumbi, kumbe ni utando. Omega Centauri ilionekana, imefifia tu, kwa sababu mwanga wa fungunyota unatoka kwenye nukta nyingi kali. Mwanga wa galaksi umetandazwa, hauna pa kushika. Ukungu kidogo tu unaumeza. Wingu zito halikudanganyi, linakuambia kaa chini unywe chai. Utando nikiugundua nafunga, au nawaonyesha watoto mafungu ya nyota yanayong'aa, basi.

(Anayedhani sisi wa kisiwani tuna bahati mbaya amkumbuke Edmond Halley, mwanaastronomia Mwingereza. Mwaka 1677 alikuwa kisiwa cha Saint Helena, Atlantiki ya kusini, kuorodhesha nyota za kusini, mawingu yakamtesa vibaya. Alirudi Uingereza na nyota 341, na hiyo Omega Centauri yetu akiwa ameitambua kuwa ni kitu chenye ukungu, si nyota ya kawaida.)

Kuna jambo moja linalonifanya nifunge bila kubishana. Ziwa hili lina radi zake za usiku, na wavuvi huzijua kabla yetu. Usiku ule wa Mei, kama saa saba, bado tulikuwa na matundu mazuri upande wa kusini, mwalimu mwenzangu akawa anatafuta Centaurus A kwa mara ya tatu. Shemeji akanyoosha kidole ziwani. Taa za dagaa zilikuwa zimeanza kurudi ufukweni, moja, tatu, halafu zote. Tukabeba kitako, tukabeba bomba la darubini, mvua ikatukuta mlangoni.