Mwaka, msimulizi na foleni: kwa wanaoanza kusoma siasa katika riwaya za Kiingereza

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akipewa insha ya siasa na riwaya, huanza hivi: "Riwaya hii inahusu ufisadi." Sawa, lakini hata gazeti la jana lilihusu ufisadi. Msahihishaji anataka kujua ni ukurasa gani, nani anasema, na kwa nini jambo limesimuliwa hivyo na si vingine.

Tuanze na mwaka. Vitabu vya mitumba vinavyouzwa kando ya barabara za katikati ya jiji la Nairobi huokoa mfuko, ila fungua ukurasa wa hakimiliki kabla hujatoa pesa. Ukikuta umechanika, rudisha kitabu. Chukua A Grain of Wheat, riwaya ya Mkenya Ngũgĩ wa Thiong'o. Ilitoka mwaka 1967, kisha miaka ya 1980 mwandishi akairekebisha. Toleo la kwanza lina tukio la Daktari Lynd, mwanamke Mzungu, kubakwa na watu wa upande wa wapiganaji; lililorekebishwa limeliondoa. Watu wawili wanaweza kukesha wakibishana kuhusu jinsi riwaya inavyowachora wapiganaji wa msituni, kumbe kila mmoja ana kitabu chake. Nukuu zako zitaje toleo na sura, maana nambari za kurasa hazilingani.

Kuna tarehe nyingine mbili za kutenganisha: lini hadithi inatendeka na lini iliandikwa. Katika riwaya hiyo, wanakijiji wa Thabai wanasubiri Uhuru wa Kenya wa tarehe 12 Desemba 1963, na kumbukumbu zao zinarudi nyuma hadi miaka ya Hali ya Hatari, wakati wa vita vya Mau Mau dhidi ya wakoloni. Maelezo mafupi ya mwandishi mwanzoni yameandikwa Leeds, Uingereza, Novemba 1966. Kwa hiyo wahusika hawajui mashamba yatamwendea nani, lakini mwandishi keshaona. Insha nyingi zingepona kama zingeanzia kwenye pengo hilo la miaka mitatu.

Sasa soma kwa karibu safari ya Gikonyo, seremala wa Thabai, kwenda Nairobi kumwona mbunge. Yeye na wenzake wanataka kununua shamba la Mzungu, Burton, na wanaomba wasaidiwe mkopo. Usikimbilie neno "usaliti". Chukua penseli, pigia mstari kila kitenzi, kisha andika pembeni mtendaji ni nani. Raia wamedamka, wamesafiri, wanasubiri nje ya ofisi. Mbunge anafika kwa wakati wake, anaingia, anaahidi. Hakuna hotuba ya chama hapo, hakuna bango. Kuna foleni tu, na yeyote aliyewahi kutafuta saini ya mkubwa anaijua. Baadaye Gikonyo anagundua kwamba mwenye shamba mpya ni mbunge yuleyule. Mwandishi angeweza kutuambia hayo kwa sentensi moja. Badala yake ametusimamisha kwenye foleni kwanza, ili tukifika kwenye habari ya shamba tuwe tunakumbuka ile ahadi. Aya yenye uchambuzi wa namna hii ina thamani kuliko kurasa tatu za historia ya ardhi.

Kosa jingine ni kumsadiki msimulizi. Katika A Man of the People ya Chinua Achebe wa Nigeria, anayesimulia ni Odili, kijana msomi mwenye ulimi mkali. Anamdharau Chifu Nanga, waziri. Lakini Odili anaingia uchaguzini baada ya Nanga kumchukulia mpenzi wake, Elsie. Basi kila anapowahukumu wananchi, jiulize siku hiyo yeye mwenyewe alikuwa anatafuta nini. Ukiandika "Achebe anasema" mahali ambapo anayesema ni Odili, umepoteza alama.

Kitabu hicho kilitoka Januari 1966, na mapinduzi ya kijeshi ya Nigeria yakatokea tarehe 15 mwezi huohuo. Kwa kuwa riwaya nayo inaishia kwenye mapinduzi, kila mwaka kuna atakayeandika kwamba Achebe alikuwa nabii. Achana na unabii. Kilicho muhimu ni jinsi mapinduzi yanavyopewa nafasi ndogo mwishoni, na kwamba Odili anakana waziwazi kuwa wananchi ndio walioiangusha serikali: ni magenge yaliyokodiwa wakati wa uchaguzi yaliyowashinda waliowakodi. Hoja yako iko hapo.

Kuhusu lugha, jihadhari na kauli kwamba riwaya ya Kiingereza haina makali. Petals of Blood, riwaya nyingine ya Ngũgĩ kwa Kiingereza, ilizinduliwa Julai 1977 na Mwai Kibaki, akiwa Waziri wa Fedha wa Kenya, ingawa inawashambulia matajiri wapya bila kumumunya maneno. Mwisho wa mwaka huohuo Ngũgĩ akakamatwa na kuwekwa katika gereza la Kamiti bila kesi, baada ya tamthilia ya Kigĩkũyũ aliyoiandika na Ngũgĩ wa Mĩriĩ kuchezwa na wakulima na vibarua katika kijiji cha Kamĩrĩĩthũ. Swali la kuuliza ni nani angeweza kuisoma kazi ipi, na wapi.

Kwa insha ya maneno 2,000, historia isizidi 300. Chagua matukio mawili, yakizidi sana matatu. Nukuu mistari miwili au mitatu, kisha uieleze kwa urefu unaozidi nukuu yenyewe. Jijini Nairobi, magazeti ya zamani yako maktaba ya McMillan, Banda Street, na faili za serikali ziko Makavazi ya Taifa, Moi Avenue. Nenda ukiwa na tarehe mkononi, la sivyo siku itaisha bure.

Ukitaka zoezi la wiki ya kwanza, tafuta Animal Farm ya George Orwell, hadithi ya wanyama wanaompindua mwenye shamba, pamoja na Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere iliyotoka Nairobi mwaka 1967. Mchezo wa kutafuta nguruwe yupi ni kiongozi yupi wa Kisovieti huisha kwa dakika tano, uache. Fuata sheria iliyoandikwa ukutani, ile inayowakataza wanyama kulala kitandani. Farasi Clover anahisi ilikuwa tofauti, lakini hawezi kusoma. Mbuzi Muriel anamsomea, na sasa kinachokatazwa ni kulala kitandani penye shuka. Andika orodha ya wanaojua kusoma, wasiojua, na punda Benjamin anayejua lakini hajishughulishi, kisha fuatilia orodha hiyo hadi ukurasa wa mwisho katika vitabu vyote viwili.