Muulize Mjomba: Sinywi waini, sasa nitafanya nini Mosel siku sita?

SWALI: Shikamoo Mjomba. Mi ni mama wa miaka 52, niko Bombo, Uganda. Mdogo wangu ameolewa Ujerumani mji wa Koblenz na mwaka huu wamenialika. Shida ni shemeji, kapanga tusikae nyumbani, eti tupande treni mpaka Trier halafu turudi kwao kwa baiskeli siku sita tukifuata mto unaitwa Mosel, mashamba ya zabibu huku na huku na kila kijiji wanasimama kuonja waini. Baiskeli naijua, nimebebea mihogo sokoni miaka mingi. Ila mi ni Muislamu sinywi, magoti yangu si ya msichana tena, na picha alizotuma kwa WhatsApp zina vilima vya kutisha. Niende au niwaambie wanikute tu nyumbani Koblenz na chai?

JIBU: Marahaba mama, ingawa kwa umri wako na wangu tungeulizana tu habari za asubuhi, lakini safu inaitwa Mjomba basi napokea.

Nenda. Mimi hiyo njia nimeipita mara mbili na mpwa wangu aliyekuwa anasoma kule, mara ya kwanza tuliipita vibaya, tulikimbia siku tatu kama tunafukuzwa na polisi, mara ya pili tukachukua wiki na hapo ndo nikauona mto. Kwa hiyo siku sita za shemeji yako ni hesabu ya mtu mwenye akili, usimpunguzie.

Vilima kwanza. Hizo picha ni za kweli ila zinadanganya, manake vilima viko juu na we utapita chini. Njia ya baiskeli inaambaa na maji, sehemu kubwa ni lami, mara ng'ambo hii mara ng'ambo ile, na mto unashuka taratibu sana, kutoka Trier hadi Koblenz ni mita 70 hivi tu kwa kilomita karibu 195. Ndiyo maana watu wengi wanaanzia Trier, maji yanakoelekea na wewe unaelekea huko huko. Kunguru akiruka moja kwa moja kati ya hiyo miji hafikishi kilomita 100, sasa jiulize zile nyingine zinatoka wapi, ni mto unajikunja kama chatu aliyeshiba. Mfano kutoka Bernkastel kwenda Traben-Trarbach ni kilomita 23 kwa kufuata maji, lakini ukivuka kilima kwa miguu unafika kwa saa mbili hivi. Kwa hiyo usishtuke ukinyonga nusu siku halafu ukaona kanisa la kijiji ulichokunywa chai asubuhi liko pale pale nyuma ya mgongo wa kilima.

Kwa magoti yako gawanyeni hivi: Trier mpaka Neumagen kama 40, Neumagen mpaka Bernkastel 24, Bernkastel mpaka Traben-Trarbach 23, Traben mpaka Zell 18, Zell mpaka Cochem 37, Cochem mpaka Koblenz 51. Siku ya mwisho ndo ndefu lakini wakati huo miguu imeshazoea. Na goti likigoma kabisa treni zipo. Reli ya Trier na Koblenz inapita bondeni kuanzia Bullay kwenda chini, na kutoka Bullay kuna kitawi cha reli mpaka Traben-Trarbach. Treni za mkoa zinabeba baiskeli, ila epuka siku za kazi kabla ya saa tatu asubuhi, wafanyakazi na wanafunzi wamejaa watakuangalia vibaya. Kuna na kampuni zinazobeba mabegi kwa gari kutoka hoteli hadi hoteli, mwambie shemeji alipie hiyo, asijifanye mwanaume wa kubeba kila kitu kwenye keria.

Sasa hii ya kutokunywa. Mama, umeiogopa bure. Mimi nakunywa kidogo, sifichi, lakini nilichokumbuka zaidi kutoka kule si glasi. Ni mawe. Yale mashamba yamepandwa kwenye mawe meusi yanayobanduka kama kurasa, ukiyashika jioni jua limeshazama bado yana moto kama chapati iliyotoka kwenye kikaango sasa hivi. Ndo siri yake, kule ni kaskazini sana, zabibu zisingeiva vizuri, ila hilo jiwe linakula jua mchana halafu usiku linairudishia mizabibu joto, na kilima chenyewe kimelalia jua kwa mteremko mkali. Karibu na kijiji cha Bremm kuna mteremko unaitwa Calmont, sehemu nyingine unafika nyuzi 65, ni kati ya mashamba ya zabibu yenye mteremko mkali kuliko yote duniani. Ukiona unakumbuka Kabale na matuta yake, lakini Kabale mtu analima amesimama, pale unaona kama anapanda ukuta. Trekta haifiki, wamefunga reli moja nyembamba inapanda kilimani na kigari kidogo chenye injini, mkulima anakaa mgongo kwa mgongo na makreti yake anapandishwa taratibu inanguruma. Tulisimama kuangalia tukasahau na lunchi.

Wale wakulima kisheria wanaruhusiwa kufungua ua wao mpaka miezi minne kwa mwaka wauze waini yao na chakula chepesi, na alama yake ni shada la matawi au fagio limetundikwa mlangoni, kama hapa kwetu unavyojua nyumba ya malwa, ile pombe ya ulezi, kwa kuona mirija mirefu. Wewe ingia na wenzako bila wasiwasi, kaa, sema Traubensaft. Ni juisi ya zabibu, wakulima wengi wanayo ya kwao wenyewe, na ni tamu kiasi kwamba watu huichanganya na maji ya gesi. Uliza pia jamu ya pichi nyekundu za mashamba ya mizabibu, ukikata nyama ya ndani ni nyekundu kama biti, zinaiva mwisho wa Agosti na Septemba. Hakuna atakayekulazimisha glasi. Mzee mmoja Neumagen aliposikia natoka Uganda alitaka tuongee kuhusu ndizi tu, alishindwa kuamini kwamba na sisi tunazikamua pombe.

Kitu cha kuangalia kwako si glasi, ni sahani. Nguruwe yuko kwenye kila soseji, na Riesling, waini yao nyeupe, wanaitia mpaka kwenye supu na mchuzi wa samaki, kwa hiyo uliza kabla, mdogo wako akutafsirie. Ukichoka kuuliza, kila mji mdogo wa maana una duka la Waturuki la kebabu.

Na kuna vya kuona mpaka utachoka. Trier lile lango jeusi la Warumi, Porta Nigra, lina zaidi ya miaka 1,800 na bado watu wanapita chini yake na baiskeli. Neumagen kuna nakala ya meli ya jiwe iliyobeba mapipa ya waini, Warumi waliichonga karne ya 3, ikachimbuliwa mwaka 1878, ya asili iko makumbusho ya Trier. Bernkastel kuna kinyumba cha mwaka 1416 chini kimebanwa juu kimetanuka, unaona kama kitaanguka kesho, kimekataa. Cochem angalia kuta za nyumba karibu na maji, wamechora mistari ya mafuriko na mwaka wake, mstari wa Desemba 1993 mimi ulinipita kichwa. Ile ngome ya Cochem juu ya kilima watakuambia ni ya kale, ni kweli na si kweli, Wafaransa waliibomoa 1689 na hii unayoiona ilijengwa upya kuanzia 1868. Nzuri lakini mi napenda zaidi Beilstein, kijiji kidogo hakina daraja, unavuka na feri na baiskeli yako, dakika chache tu, upepo usoni.

Sasa sikiliza mambo mawili yatakayokuumiza usipoyajua.

La kwanza, kule wanaendesha upande wa kulia. Unajua hilo kichwani lakini miguu haijui. Ukitoka kwenye njia ya baiskeli kuingia barabara ya kijiji mkono wako utakupeleka kushoto kama uko Bombo Road. Kila asubuhi kabla ya kupanda jiambie kwa sauti: kulia, kulia.

La pili ni breki. Baiskeli nyingi za Wajerumani za kukodi zina breki ndani ya gurudumu la nyuma, ukirudisha pedali nyuma inafunga. Sisi tumezoea, ukisimama unazungusha pedali nyuma kuiweka sawa kabla ya kuondoka, sivyo? Duka tulilokodi mara ya kwanza hawakuniambia kitu, nikatoka mlangoni najiona bingwa, nikazungusha pedali nyuma kidogo ili nikae vizuri, baiskeli ikasimama kama imegonga mbuzi nikajikuta nimekumbatia kikapu cha maua cha mwenye hoteli ya jirani. Mpwa alicheka mpaka Koblenz. Ukikodi omba ile isiyo na hiyo breki, au tembea nayo kwanza uwanjani nusu saa. Na magoti yakikusumbua omba ya betri, hakuna aibu, wazee wote wa kule wanazo wanakupita wanapunga mkono.

Shemeji naye mwambie kwamba waini na usukani ni kesi hata kwa baiskeli, pombe promili 1.6 kwenye damu, yaani sehemu 1.6 kwa elfu, ni kosa la jinai, na ukiyumba hata chini ya hapo unaweza kushtakiwa.

Karatasi: viza ya Schengen kwa mtu mzima ni euro 90, bima ya safari inayogharamia matibabu ya angalau euro 30,000, na maombi unaweza kuyapeleka kuanzia miezi sita kabla ya safari, mwisho kabisa siku 15 kabla, ila wewe usingoje hizo 15. Kama wao ndo wanagharamia, mdogo wako aende ofisi ya wageni ya mji wao asaini ile hati ya kukudhamini, inaitwa Verpflichtungserklärung, jina refu kuliko foleni lakini inasaidia sana. Mwezi mzuri ni Mei, Juni au Septemba. Septemba na Oktoba wanavuna, utaona watu wametambaa kilimani na mikasi. Beba sweta, jioni ni baridi ya Kabale ya Julai, na koti la mvua tafuta soko la Owino Kampala kabla hujaondoka, kule bei utalia. Na Jumapili maduka ya chakula yamefungwa karibu yote, nunua mkate Jumamosi. Sisi tulikula biskuti.

SWALI: Mjomba mambo, mi kijana wa Jinja naendesha boda ila napenda baiskeli. Kwa nini twende mbali, si tuna Nile hapa? Siwezi kufanya kitu kama hicho huku?

JIBU: Poa kijana. Unaweza, lakini si kitu kile kile, usimdanganye mgeni. Mosel wana njia ya baiskeli peke yake, wewe una marram, vumbi jekundu na lori la miwa linalokuja katikati ya barabara. Anza asubuhi sana, shika ukingo wa mashariki kutoka Jinja kupita Bujagali na Budondo mpaka maporomoko ya Itanda, lala huko, kesho yake rudi. Bujagali usitafute maporomoko, bwawa la megawati 250 liliyameza, lilizinduliwa mwaka 2012. Ukitaka kuendelea chini kuna bwawa jingine Isimba. Upande wa pili uko Kayunga, na Kayunga badala ya zabibu kuna mananasi, yanakatwa mbele yako barabarani yanadondoka juisi mpaka kiwikoni. Beba tyubu mbili na pampu, miiba ya huko haina huruma, na mwisho wa mvua ya Aprili na Mei usijaribu, matope yataingia mpaka kwenye cheni.

SWALI: Naenda huko huko Ulaya mwezi wa tisa, nibebe baiskeli yangu kwenye ndege au nikodi? Yangu ni ya chuma, nzito, niliirithi kwa baba. – Msomaji, Mbale

JIBU: Kodi. Ya baba iache nyumbani na uipake mafuta kabla ya kuondoka. Kubeba baiskeli kwa ndege unatakiwa uifungue, utoe pedali, ugeuze usukani, upunguze upepo kwenye matairi, uitie kwenye boksi na ulipe mzigo wa ziada kwenda na kurudi, na kitu cha chuma kama hicho uzito wake peke yake utamaliza pesa ya hoteli mbili. Ukikodi Trier waulize kama wanakubali uirudishe Koblenz, wengine wanakubali kwa ada kidogo, wengine wanataka uirudishe pale pale, na hilo ni swali la kuuliza kabla hujalipa, si ukiwa Koblenz na baiskeli mkononi na treni inaondoka.