Kwa wewe uliyefikia lenta: nilivyopaua nyumba yangu mwenyewe

Juzi usiku kijana mmoja mwalimu aliniandikia: "Kaka shikamoo. Nimefikia lenta, nyumba ndogo tu, vyumba viwili na sebule. Fundi anataka laki sita kupaua, na nusu anaitaka leo. Nasikia wewe ulipaua mwenyewe. Nami naweza?" Akaambatanisha picha. Niliitazama muda mrefu kabla ya kujibu, maana miaka mitatu iliyopita nilisimama palepale anaposimama yeye, hapa Dodoma, kuta zimekwisha hadi lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya kuta, mfuko umekauka, na fundi anataka nusu leo.

Mimi hiyo nusu niliitoa. Laki tatu taslimu, mke wangu akishuhudia. Fundi akaja siku mbili, akakata mbao nne tano, akaaga kwamba amefiwa na mjomba. Simu ikawa haipatikani. Wiki ya tatu nikamwona kwa macho yangu akigonga misumari juu ya paa la mtu mwingine, mtaa wa pili tu kutoka kwangu. Sikumfokea. Nilirudi site nikakaa juu ya rundo la mbao, nikamwambia mama watoto: "Hii nyumba nitaipaua mimi." Hakucheka. Wengine wote walicheka, na shemeji yangu ndiye aliyecheka zaidi.

Sikuanza na nyundo, nilianza na futi kamba, na hapo ndipo nataka nawe uanzie. Nyumba yangu ni mita 6 kwa 8. Kwa hesabu ile ya pembetatu tuliyosoma shuleni, kona kwa kona inatakiwa mita 10 kamili. Nikapima upande mmoja: mita 10 na sentimita 6. Upande wa pili: mita 9 na sentimita 94. Nikarudia mara tatu, majibu yaleyale. Kumbe aliyenijengea kuta aliniachia nyumba iliyokaa mshazari, na wala macho hayaoni. Ungeliona siku ya bati, pale bati la mwisho linapoanza kuacha upenyo wa pembetatu na hela imeshakwisha. Dawa yake iko kwenye zile mbao mbili zinazolala juu ya lenta: moja niliisogeza mbele sentimita 4 hivi, nyingine nikairudisha nyuma kiasi hichohicho, mpaka kona kwa kona zikalingana. Ndipo nikazifunga.

Kenchi ya kwanza, yaani lile fremu la mbao la pembetatu linalobeba paa, niliitengenezea chini. Nilifagia uwanja, nikachora umbo lake lote kwa chokaa, nikapigilia vigingi pembeni ya mistari, kisha nikalaza mbao ndani yake: ile ya chini inayotoka ukuta hadi ukuta, mtambaapanya kama wazee wa pwani wanavyoiita, makombamoyo mawili yanayopanda kutoka ukutani hadi kileleni, nguzo ya katikati na mikono yake miwili. Kimo nilikipa mita moja na nusu. Hiyo ikawa mama, nyingine saba zikakatwa kwa kuipimia hiyo tu. Usipime kenchi ya tatu kwa kuangalia ya pili, utajikuta umeongeza sentimita kila hatua. Na misumari ya inchi 4, kabla ya kuigongelea karibu na mwisho wa mbao, geuza ncha juu uigonge kidogo iwe butu. Msumari uliochongoka unaipasua mbao kavu, uliobutuka unapita. Hili nilifundishwa na mzee aliyeniuzia mbao za Mafinga, na nilishapasua sita kabla ya kumsikiliza.

Sasa niseme kilichoniuma.

Jumamosi moja ya Agosti nilisimamisha kenchi tano, peke yangu na vijana wawili. Nilizishikanisha kileleni kwa papi moja tu, ule ubao mwembamba wa kupigilia bati, nikasema mishazari, zile mbao za kukingama zinazozuia kenchi zisilale, nitaweka kesho. Anayeijua Dodoma anaujua upepo wa miezi ile. Saa nane za usiku nikasikia mlio mkubwa kama gari limemwaga kokoto. Zote tano zimelala upande mmoja, tatu zimevunjika pale nilipounga mbao ya chini, kwa sababu mbao ni za futi 12 na nyumba ni mita 6, lazima uunge, na mimi nilikuwa nimebandika kipande upande mmoja badala ya pande zote mbili. Asubuhi shemeji alifika kabla ya chai. "Si nilisema?" Mpaka leo nikilikumbuka neno lile, kifua kinabana.

Ndugu yangu, paa haliharibiwi na uzito peke yake. Upepo unaingia chini ya upenu unalinyanyua. Kila kenchi inayosimama ipewe mshazari saa ileile, kabla hujashuka kunywa maji. Na kila kenchi ifungwe kwenye lenta kwa chuma, siyo msumari peke yake. Lenta yangu haikuachiwa nondo za kuchomoza juu, ikanibidi nitoboe ukuta chini yake, nipitishe nondo ya milimita 6 ikumbatie lenta na mbao kwa pamoja. Zilinichukua siku nne za vumbi. Kesho ni neno baya sana kwenye ujenzi, na vijana wengi mnajengea kesho: mnalipa kesho, mnapima kesho, mnafunga kesho. Mlipe mtu kwa kazi iliyosimama!

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Nilipaka dawa ya mchwa, nikapiga papi, na bati nikaagiza baada ya kupima kombamoyo pamoja na upenu, mita 4, siyo kwa kukisia. Mvua ya kwanza ya Desemba ilinyesha usiku. Niliwasha tochi nikapita chumba kwa chumba nikiangalia juu, halikudondoka hata tone.

Kwa hiyo mdogo wangu, marahaba, na ndiyo, unaweza. Lakini kwenye picha yako sioni nondo hata moja iliyochomoza juu ya lenta. Usinunue mbao wiki hii. Tafuta patasi na nyundo nzito uanze kutoboa, kisha nitumie vipimo vya kona kwa kona, vyote viwili.