Kwanini waya ukishakunjika haunyooki pale pale?

SWALI: Habari zenu, hili linanisumbua. Waya nikiukunja kidogo nikauachia unarudi, nikizidisha haurudi, nikijaribu kuunyoosha unapinda pembeni ya pale nilipokunja, nikirudia rudia unakatika. Je nikitafuta chuma kigumu zaidi si hakitapinda?

JIBU: Ndani ya chuma atomu zimejipanga mistari mistari. Ukikunja kidogo zinavutika tu bila kuhama, ukiachia zinarudi. Mwanasayansi Mwingereza Robert Hooke alichapisha hilo 1678, nguvu ikiongezeka maradufu na mvutiko unaongezeka maradufu, ila kuna kikomo, kwa chuma cha kawaida cha ujenzi ni kama megapaskali 250, yaani kama kilo 25 zining'inie kwenye kila milimita mraba moja. Ukipita hapo atomu zinateleza zinahamia kwa majirani wapya, na haziwezi kurudi zenyewe.

Sasa utamu uko kwenye huko kuteleza. Mistari yote ingeteleza kwa mpigo ungehitaji nguvu kubwa mno kuliko inayotumika kweli, na watu walikuna vichwa mpaka 1934 ndio wanasayansi watatu, Taylor, Orowan na Polanyi, kila mtu kivyake, wakaeleza kwamba mpangilio wa atomu una kasoro na kasoro ndio inayosogea, mstari mmoja mmoja, kama unavyohamisha kabati zito kona hii kisha ile badala ya kulibeba zima. Kila ukikunja unazalisha kasoro nyingine, zinajazana zinazibiana njia, pale ulipokunja panakuwa pagumu kuliko pembeni, kwahiyo ukinyoosha pembeni ndio panakubali kwanza. Ukizidi kulazimisha ufa unaanza, habari imeisha. Kama ni waya wa shaba uchome mpaka uwe mwekundu, utalainika upya hata ukiutumbukiza kwenye maji, ila chuma chenye kaboni nyingi usikifanyie hivyo maana kinatoka kigumu na chepesi kuvunjika.

Hilo la chuma kigumu, hapo wengi tunauziwa maneno. Kwa mzigo uleule na unene uleule, kigumu na cha kawaida vinapinda karibu sawa, ukakamavu wa vyote, yaani jinsi vinavyokataa kupinda, ni kama gigapaskali 200 (gigapaskali moja ni megapaskali 1000; alumini ni 70 tu). Tofauti ni kwamba kigumu utakipinda zaidi na bado kitarudi. Wewe kama shida yako ni kisipinde chukua kinene, kipenyo cha waya kikiwa maradufu ukakamavu wake kwenye kupinda unapanda mara 16.